Soketi ya antena ya ukutani yenye kasha la chuma: uzoefu wangu

Soketi za antena zinafanana usoni: bamba jeupe, tundu katikati, skrubu mbili pembeni. Tofauti iko mgongoni. Niliyoifunga ina kasha la chuma linalofunika viungio vyote, na kwa hilo tu inastahili alama za juu. Zile za plastiki tupu huacha waya wa katikati wazi, nao hunasa mawimbi ya simu. Katika nchi nyingi masafa ya 4G ya MHz 700 na 800 yamepakana kabisa na ya televisheni.

Angalia kwanza ni soketi ya aina gani. Zipo za kupitisha, zilizotengenezwa kwa majengo ambako kebo moja huunganisha vyumba vingi, na hizo hupunguza mawimbi kwa makusudi, mara nyingi desibeli 10 au zaidi. Ukiifunga kwenye kebo ya TV moja, picha itaganda nawe utailaumu antena bure. Hii yangu ni ya mwisho wa kebo, hasara yake haifiki desibeli 1. Kama mlingotini kuna busta (kikuza mawimbi) inayolishwa volti 5 au 12 kupitia kebo hiyohiyo, hakikisha pia soketi inapitisha umeme huo, kwa sababu nyingine zina kapasita inayouzuia. Niliweka multimita, ikiwa kwenye kipimo cha mlio, kati ya pini ya mbele na skrubu ya nyuma, ikalia: inapitisha.

Kasha la chuma linataka nafasi. Boksi la ukutani lenye kina cha milimita 25 halitoshi, la 35 linatosha, la 47 ni raha. Kebo ya RG6, ile ya kawaida ya antena, ina unene wa karibu milimita 7, na ukiikunja kwa pembe kali nyuma ya soketi unaiharibu. Nusu kipenyo cha mkunjo kisipungue milimita 35. Nyaya za umeme wa nyumba zisiingie kwenye boksi hilo kamwe, hata nafasi ikiwepo. Mmoja ukichomoka, umeme unaingia hadi kwenye antena na nyuma ya TV.

Kazi yenyewe iko kwenye ncha ya kebo. Chuna ganda la nje milimita 15, ukizungusha kisu kwa mkono mwepesi usikate nyuzi za wavu wa chuma ulio chini yake. Rudisha wavu nyuma juu ya ganda, kata karatasi ya alumini usawa wa ganda, kisha ondoa povu jeupe ukiacha kama milimita 3 zitangulie mbele ya wavu. Kata ncha ya waya wa katikati, ubaki na milimita 6 hivi mbele ya povu. Sasa chunguza kwa tochi: uzi mmoja wa wavu, mwembamba kama unywele, ukigusa waya wa katikati ni shoti, na mawimbi yamekwisha. Soketi nyingi zinazodhaniwa mbovu zina kosa hili tu.

Kibano cha soketi kikae juu ya wavu uliorudishwa, si juu ya ganda. Kaza hadi kebo isiteleze ukiivuta kidogo, ukomee hapo. Ukizidisha, povu linabonyea, kebo inaacha kuwa ya omu 75 (ukinzani wa kawaida wa kebo za TV) mahali hapo na sehemu ya mawimbi hurudi ilikotoka. Dalili yake inachanganya: chaneli kadhaa zinakatika, nyingine safi. Enzi za analojia chenga zilikuonya mapema. Dijitali haionyi, picha ni nzuri mpaka inapoganda.

Lawama yangu ni skrubu inayobana waya wa katikati. Ni laini, na kichwa chake kinalika ukitumia bisibisi pana. Tumia ya bapa ya milimita 3. Tena pakiti haina mchoro wowote wa kuonyesha urefu wa kuchuna, na hapo ndipo mgeni wa kazi hii atakapokosea.

Kabla ya kufunga bamba, pima kati ya waya wa katikati na wavu, antena na TV vikiwa vimechomolewa. Mita isilie. Usipime antena ikiwa imeunganishwa, kwani nyingi husoma shoti kwa maumbile yake hata zikiwa nzima. Kisha isukume soketi ndani ya boksi, kaza skrubu za pembeni, upime tena, maana kebo iliyokuwa sawa mkononi huweza kujipinda ikiingia ukutani.