Simplex 1000 na vitasa vya kitufe C: kipi kinakubali kubadilishwa namba?

Kitasa cha vitufe kisichotumia betri husifiwa kwa kuwa hakina ufunguo wa kupoteza. Sifa hiyo huisha siku mfanyakazi anapoacha kazi na namba ya kufungulia ikabaki ileile. Ndiyo maana hapa hatusemi lolote kuhusu rangi wala urembo. Tunapima kazi moja tu, ya kubadili namba: inachukua muda gani, na huharibika wapi.

Tuanze na Simplex 1000, ambayo mafundi wengi wa zamani wanaijua kwa jina la Unican. Ina vitufe vitano tu, na mnunuzi akiviona huguna. Lakini hapa mpangilio una maana, na vitufe viwili au zaidi vinaweza kubonyezwa kwa pamoja na kuhesabiwa kama hatua moja. Kila kitufe hutumika mara moja tu kwenye namba. Namba zinazowezekana ni 1,082, ukijumlisha ile tupu isiyo na kitufe hata kimoja. Namba ya kiwandani ni 2 na 4 kwa pamoja, kisha 3, na kila fundi anaijua. Kuiacha hiyo mlangoni ni sawa na kuacha ufunguo chini ya zulia.

Kubadili hakuhitaji kung'oa kitasa. Acha mlango wazi, tena uweke kitu usijifunge. Upande wa ndani kuna kifuniko chenye tundu la ufunguo mdogo. Kifungue kwa ufunguo huo na ukizungushe mpaka kitoke. Zungusha kishikio cha nje kufuta mabonyezo yaliyotangulia, kama ufanyavyo kila siku, kisha ingiza namba ya zamani. Usifungue. Chomeka bisibisi nyembamba kwenye tundu ulilolifunua, sukuma taratibu mpaka usikie mlio mdogo, kisha itoe. Zungusha kishikio mpaka mwisho mara moja na ukiachie. Sasa bonyeza namba mpya, kila kitufe mpaka mwisho wake, halafu zungusha kishikio tena. Jaribu mara tatu mlango ukiwa bado wazi, ndipo urudishe kifuniko. Ni kazi ya dakika mbili.

Makosa yake tunayajua. Ukizungusha kishikio mara ya pili kabla ya kuingiza namba mpya, umeweka namba tupu, na mlango utamfungukia yeyote atakayeugusa. La kawaida zaidi ni vidole kupishana: ulikusudia 2 na 4 kwa pamoja, kimoja kikatangulia kwa nukta, na kitasa kikaandika hatua mbili. Kikikukatalia, jaribu 2 kisha 4, halafu 4 kisha 2, kabla ya kumwita fundi. Na namba ya zamani ikisahaulika kabisa, njia hii haifanyi kazi tena. Kitasa kinashushwa na boksi lake la ndani kufunguliwa, na hiyo ni kazi ya mtu aliyewahi kuifanya.

Watu wengi huiga mtindo wa kiwandani wa vitufe vitatu. Namba za vitufe vitatu ni 130 tu. Mbaya zaidi, vitufe vikichakaa vitatu na viwili vikabaki vinang'aa, mwizi amebakiwa na majaribio 13. Tumia vyote vitano: namba ni 541, na vinachakaa kwa pamoja.

Vitasa vya kitufe C, vya bei ya chini, ambavyo ndivyo vingi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, vina vitufe 14: tarakimu kumi, X, Y, Z, na C ya kufuta. Kwenye hivi mpangilio hauna maana yoyote. 1-5-8-Y na Y-8-5-1 ni namba moja. Ukichagua vinne kati ya vitufe 13, namba zote ni 715; vitano, 1,287; sita, 1,716. Lakini vitufe vinne vikishachakaa, mwizi hana cha kujaribu: anavibonyeza vyote na kuingia.

Kubadili namba hapa ni kazi ya meza. Legeza skrubu mbili ndefu upande wa ndani, toa bamba la mbele, ulilaze kifudifudi juu ya kitambaa cheupe. Kitambaa si mapambo: springi za ndani ni ndogo kuliko punje ya mchele na zinapenda kuruka. Shikilia C ikiwa imebonyezwa muda wote unapofungua skrubu za bati la nyuma na unapoliinua. Chini yake utaona pini 14 zimepangwa. Za namba huwa na rangi tofauti, mara nyingi nyekundu. Kwa kibanio, badilishana: nyekundu iende kwenye kitufe unachokitaka, ya kawaida ije mahali pake. Ya C usiiguse. Angalia pengo la pini linaelekea wapi kabla ya kuitoa, na uirudishe vilevile. Ikigeuzwa, hata namba sahihi haifungui. Rudisha bati huku C ikiwa imeshikwa, kisha jaribu mkononi kabla ya kupandisha mlangoni.

Malalamiko mengi ya “namba imekataa” baada ya hapo si ya namba. Skrubu ndefu zimekazwa mno, bamba mbili zimebana mlango, na kishikio hakirudi. Legeza nusu mzunguko. Kama bado, angalia kama mhimili wa mraba, kile chuma kinachopita katikati ya mlango, umeingia sawasawa. Grisi usipake humo ndani, kwani hukusanya vumbi na vitufe huanza kunata.

Kuna udhaifu mwingine wa aina hii: aliyeachwa ndani peke yake na bisibisi anaweza kufungua nyuma na kusoma pini nyekundu kwa macho.

Kwa stoo ya nyumbani, kitasa cha C kinatosha. Kwa duka la dawa au ofisi inayobadili watu kila baada ya miezi michache, lipia Simplex, ingawa bei yake ni mara kadhaa zaidi, kwa sababu namba inayohitaji meza na kibanio haibadilishwi. Ila ya mtumba uiogope kidogo. Mwaka 2010 kesi zilifunguliwa Marekani kwa madai kwamba sumaku yenye nguvu inaifungua bila namba, na mtengenezaji akabadili sehemu za ndani. Iliyotengenezwa kabla ya hapo usiiweke mlango wa nje. Na kabla hujalipa, fungua boksi uhakikishe ule ufunguo mdogo wa kifuniko umo.