Kastadi "haijalala": uzoefu wangu na juisi ya vepu na kijana wa kaunta

Nianze na yule kijana, juisi yenyewe nitaifikia. Nilirudisha dukani, hapa Leicester, Uingereza, chupa ya juisi ya vepu, yaani kile kimiminika cha ladha kinachojazwa kwenye sigara ya kielektroniki, nikaeleza kwa adabu kwamba ladha ya kastadi niliyouziwa inakwaruza koo na inanuka manukato, vanila siioni wala maziwa siyaoni. Lafudhi yangu ikanitangaza, akahamia Kiswahili. Nikajua leo nimepata mtu. Wapi! Shikamoo hana, macho yako kwenye simu, mvuke anaupuliza usawa wa uso wangu, kisha anacheka. "Anko, hiyo haijalala. Kailaze kabatini mwezi hivi, itaiva. Juisi zote ndivyo zilivyo." Akatoa chupa yake mfukoni, ya hudhurungi iliyokolea, akaitikisa mbele ya macho yangu kana kwamba ndiyo hati ya ushahidi. Halafu akaita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Juisi zote! Hilo neno lilinikaa rohoni hadi leo.

Tangu vepu za kutupa zipigwe marufuku Uingereza Juni 2025, wengi wetu tumehamia za kujaza, na huku kuna mchezo wake. Sheria hairuhusu chupa ya juisi yenye nikotini kuzidi mililita 10, wala ukali wake kupita miligramu 20 kwa mililita. Kwa hiyo chupa kubwa zinauzwa bila nikotini: chupa ya 60 ina juisi 50, ile nafasi iliyobaki unamimina mwenyewe kichupa cha nikotini cha miligramu 18 kwa mililita, na unapata juisi ya miligramu 3 kwa mililita. Maana yake fundi wa mwisho wa hiyo juisi ni mimi, jikoni kwangu, baada ya zamu ya usiku. Nimelipia bidhaa nusu. Maelekezo kwenye lebo? "Tikisa vizuri." Basi. Kulaza hakukutajwa popote.

Sasa hapa ndipo hasira yangu inapokosa pa kusimama, maana kulaza si uongo mtupu. Gliserini, kimiminika cha msingi wa juisi, ni nzito, inachanganyika polepole na nikotini uliyoimimina, kwa hiyo ukitikisa ukaweka usiku kucha unaona tofauti. Ladha za kastadi, krimu na tumbaku zina vitu vingi ndani yake ambavyo vinachukua wiki kadhaa kutulia, ule ukali wa mbele ukapungua na vanila ikajitokeza. Hayo nayakubali. Lakini siku ileile, duka lilelile, nilinunua pia ya embe. Nilitikisa, nikajaza tanki, nikavuta jioni hiyohiyo: embe dodo kabisa, tamu ya kukufanya ufumbe macho. Ladha za matunda na za minti hazihitaji kusubiriwa, na wengine wanasema zikikaa sana ndipo zinapofifia. Kwa hiyo "zote" ni zipi hizo, kijana?

Na ile hudhurungi yake aliyonionyesha kwa mbwembwe! Nikotini ikikutana na hewa na mwanga inageuka rangi. Vanilini, kemikali inayoleta ladha ya vanila, nayo inaifanya juisi iwe nyeusi. Rangi inakwambia kilichotokea ndani ya chupa, haikwambii ladha imekuwaje. Unaweza kuwa na juisi nyeusi ti, na ladha yake mbovu. Wapo hata wanaoacha chupa wazi usiku eti ipumue, au wanaiogesha kwa maji ya moto iive haraka. Harufu nzuri ndiyo ya kwanza kuruka, nikotini nayo inadhoofika. Mtu anabaki na juisi iliyopauka ladha na anajisifu imeiva.

Niliirudisha kabatini. Si kwa utii, niliisusa tu. Muda ukapita, siku moja embe imekwisha na duka limefungwa, nikaitia ile kastadi. Wallahi ilikuwa nzuri. Laini, maziwa yapo, vanila inakuja mwishoni unapotoa mvuke. Ningemaliza hapa kwa nyota tano kama ningekuwa mtu wa kusahau.

Lakini nilizidi kukasirika. Kama mtengenezaji anajua kastadi yake inahitaji wiki kadhaa, kwa nini asiilaze yeye, kwenye ghala lake, ndipo aiuze? Muuza achari hakuuzii ndimu mbichi na chumvi pembeni akakwambia kaanike mwenyewe. Na tazama hesabu ya yule kijana: "mwezi hivi". Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro na kudai fedha zake zote. Ukimsikiliza, siku unayofungua kabati ndiyo siku haki hiyo inakuponyoka. Ikiwa nzuri, duka lilikuwa sahihi. Ikiwa mbaya, hukuilaza ipasavyo, au umechelewa. Hilo si jibu la mhudumu, ni mtego.

Isitoshe, sina uhakika tena kama ni juisi iliyobadilika. Koili, ule waya unaopasha juisi moto, ilikuwa mpya siku niliyoirudia kastadi, na kila mvutaji anajua ulimi ukizoea ladha moja unakufa ganzi. Nilikuwa nimetoka kwenye embe mfululizo, pengine kastadi yoyote ingenipendeza. Tena mwaka 2018 watafiti wa Yale na Duke, kule Marekani, walionyesha kwamba vanilini na baadhi ya ladha nyingine, zikikaa ndani ya propilini glikoli, kimiminika kingine cha msingi wa juisi, zinaungana nayo na kuzaa kemikali mpya zinazoamsha vihisio vya mwasho. Kumbe chupani kuna mambo yanaendelea, na si yote ni ya kutengeneza kastadi tamu. Nimeacha sigara kwa hizi vepu na sitaki kurudi, ila mtu akiniambia "inaiva tu, anko" namtazama mara mbili.

Kastadi naipa nyota nne. Hapana, tatu, maana nimeimalizia kazi mimi. Embe tano bila mjadala. Duka lilikuwa na moja kwa sababu liko karibu na kituo cha basi, lakini juzi nimepita nikamkuta yule kijana akimwambia mama mmoja ailaze ya minti, kwa hiyo hata hiyo moja naiondoa.