FamilySearch: bure kabisa, lakini mti wake usiuamini

Kwa anayemtafuta ndugu aliyepanda meli kwenda Marekani zaidi ya miaka mia iliyopita na habari zake zikakatika, FamilySearch, tovuti ya kutafutia kumbukumbu za koo, ndiyo pa kuanzia. Hailipishi, inataka akaunti tu. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililoanza kukusanya kumbukumbu za koo mwaka 1894, na maikrofilamu zake (filamu zenye picha ndogo za nyaraka) zaidi ya milioni 2 zilimalizwa kugeuzwa picha za kidijitali mwaka 2021.

Wengi huandika jina, hawaoni kitu, wakafunga. Tatizo ni faharasa, yaani orodha ya majina ambayo utafutaji huipitia: aliyeiandaa, mtu au mashine, alisoma mwandiko wa karani, na herufi moja ikikosewa ndugu yako hayupo. Tumia nyota badala ya herufi zozote na alama ya kuuliza badala ya herufi moja: Kowalski liandike K?wal*. Ikishindikana, acha jina la ukoo tupu. Weka jina la kwanza, nchi, na mwaka wa kuzaliwa ukiupa nafasi ya miaka 5 kila upande. Tafuta kwa jina la kwao, Giovanni, siyo John. Ile hadithi kwamba makarani wa Ellis Island, kisiwa cha New York walikopokelewa wahamiaji, walibadilisha majina ya watu haina msingi: orodha iliandaliwa na kampuni ya meli, na pale kisiwani waliihakiki tu.

Meli usianze nayo. Anza na sensa za 1900 hadi 1930, ambazo ziliuliza mwaka wa kuingia nchini. Kwenye safu ya uraia, Al ni mgeni, Pa ameshawasilisha karatasi za kwanza (tamko la nia ya kuwa raia), Na ni raia tayari. Ukiona Pa au Na, fuata jalada la uraia. Majalada ya baada ya Septemba 1906 kwa kawaida yanataja mahali alipozaliwa, meli na tarehe ya kufika. Ya kabla ya hapo mara nyingi yanaishia kwenye jina la nchi. Mke aliyeolewa na raia kabla ya Septemba 1922 usimtafutie jalada lake, kwani kwa kawaida uraia aliupata kupitia mumewe.

Sasa ndiyo ufungue orodha ya abiria. Tangu 1907 ni kurasa mbili zinazotazamana. Ya kwanza ina jina na anwani ya jamaa aliyebaki nyumbani. Ya pili ina mtu anayemfuata Marekani na, mwishoni kabisa, mahali pa kuzaliwa. Faharasa hukupeleka kwenye ukurasa wa kwanza, na hapo wengi huishia bila kugusa picha inayofuata. Tazama pia namba iliyochomekwa kando ya jina kwa mwandiko mwingine: mara nyingi ni ya ukaguzi wa maombi ya uraia uliofanywa miaka mingi baadaye, dalili kwamba bado alikuwa nchini.

Udhaifu mkubwa ni mti wa ukoo. Ni mmoja kwa watumiaji wote, yeyote anauhariri, na watu wawili wenye majina yanayofanana huunganishwa kuwa mmoja kwa kubofya tu. Taarifa isiyo na picha ya waraka ichukulie kama uvumi. Pia huduma haikusaidii kwa aliyeondoka juzijuzi: walio hai hufichwa, na sensa za Marekani hufungwa miaka 72, hivyo iliyo wazi ya karibuni zaidi ni ya 1950. Ya 1890 karibu yote iliharibiwa na moto wa 1921.

Baadhi ya picha zimefungwa kwa mikataba na wenye kumbukumbu. Huonekana tu kwenye vituo vya FamilySearch, nyingine pia kwenye maktaba shirikishi. Kabla ya kwenda, nakili namba ya filamu na namba ya picha, maana ukifika na jina tupu utaanza kutafuta upya.