Boxer BM150 betri ikifa: kiki, kusukuma, au tairi la nyuma?

Sifa kubwa ya Boxer BM150 kwa dereva wa bodaboda ni kwamba ina stata na bado imebakiziwa kiki. Injini yake ni ya silinda moja, sentimita za ujazo 144.8, inatumia kabureta, na mguu mmoja unatosha kuizungusha. Pikipiki inayotegemea kitufe peke yake hatumshauri mtu wa kazi ainunue, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Kiki yenyewe ni nzuri, ila wengi wanaiua kwa kuikanyaga kwa pupa. Weka gia huru, washa swichi, vuta choki kama injini ni baridi. Shusha kiki taratibu mpaka uhisi mgandamizo wa injini ukiigomea, ipitishe hapo kidogo, iache irudi juu kabisa, ndipo uisukume kwa mkupuo mmoja hadi chini. Ukianzia katikati inarudisha kwa nguvu na kuumiza kifundo cha mguu. Boliti ya kiki ikilegea, meno ya ndani ya mkono wake yanasagika na utakuwa unakanyaga hewa. Ikaze mapema, mkono uliokwisha sagika haukazwi, unabadilishwa.

Ukinusa petroli, injini imelewa mafuta. Funga bomba la tangi, rudisha choki, fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, piga kiki mara tano au sita. Ikigoma, fungua plagi uikaushe. Unapopima cheche, chuma cha plagi kiguse injini, maana cheche isiyo na njia inaweza kuunguza CDI, yaani kifaa cha umeme kinachotengeneza cheche.

Kusukuma ni rahisi kwenye mteremko: gia ya pili, klachi imebanwa, kimbia nayo, kaa kwa uzito, achia klachi, na ikidaka tu ibane tena. Gia ya kwanza hufunga tairi likaburuta.

Njia ambayo madereva wengi hawaijui, na ndiyo ya mikono hasa, ni kuzungusha tairi la nyuma. Inafaa kiki ikivunjika na huna nafasi ya kukimbia. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, tairi la nyuma lining'inie. Ingiza gia ya juu kabisa, kwa sababu hapo tairi linaizungusha injini kwa urahisi zaidi. Gia ya kwanza hutaiweza. Rudisha tairi nyuma mpaka ligome. Kisha simama nyuma yake, shika mpira, kamwe usishike spoki, na uvute kwa nguvu toka chini kwenda juu. Mwenzako akae mbele ameshika breki ya mbele, mkono mwingine uwe tayari kwenye klachi, aibane klachi injini ikiwaka tu, kwani tairi litaendelea kuzunguka kwa kasi.

Mikono ikishindwa, zungushia tairi hilo kamba ya meta 5 uivute. Mzunguko wa tairi la inchi 17 ni karibu meta 1.8, hivyo unapata mizunguko miwili na ya kushikia inabaki. Kamba itoke chini ya tairi kuelekea nyuma, ncha ya ndani isifungwe popote, na usijizungushie mkononi: ikinasa itakuvuta. Kanga, shuka au koti refu visiwe karibu na cheni.

Betri iliyokufa kabisa ni jambo jingine. Pikipiki ambazo CDI yake hulishwa na betri, na zile za pampu ya mafuta ya umeme, hazitawaka hata usukume hadi jioni. Pima kwa mita: volti 12.6 au zaidi betri imejaa, chini ya 12 imekaribia kwisha. Hapo azima betri nyingine ya volti 12. Waya mwekundu uende chanya, mweusi kwenye chuma cha injini. Ukigeuza, fyuzi inakatika, na rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri) inaweza kuungua pamoja nayo. Ukiazima ya gari, injini ya gari iwe imezimwa.

Skuta za mkanda usizisukume kabisa: klachi yake haishiki mpaka injini iwe inazunguka.