Pedeli Inayofunguka! Tazama Kifuniko Hiki Kabla Hujanunua

Wadau, mambo vipi, karibuni tena. Leo ni pedeli za baiskeli. Hapa mezani nina jozi mbili, za plastiki na hizi za alumini. Vipimo sivisomi, mnavijua, spana namba 15 inazitosha zote. Ninachotaka mkione ni kifuniko hiki cha pembeni. Angalia. Kina mkato, naweka sarafu, nazungusha... kimetoka! Nati ile pale, inaonekana.

Shika sasa hii ya plastiki. Kifuniko kimeshindiliwa, ukikichokonoa kinapasuka. Ikianza kulia kwi-kwi-kwi unatupa, unanunua nyingine. Jamani, hili linaniudhi! Gololi za ndani bado nzima, kinachokosekana ni grisi tu.

Sasa ya alumini, jinsi ya kuivua kwenye baiskeli. Ya kushoto nyuzi zake ni za kinyume, na hapo ndipo watu wanaua kranki, ule mkono unaobeba pedeli, kwa kulazimisha. Fanya hivi: simamisha spana itazame juu, ivute kuelekea gurudumu la nyuma. Kulia hivyo, kushoto hivyo hivyo. Halafu usizichanganye, mwisho wa ekseli, yaani mhimili wa pedeli, pameandikwa L na R, kushoto na kulia.

Haya, bakuli chini, maana gololi zikidondoka sakafuni ndugu yangu utazitafuta mpaka usiku. Nafungua nati, natoa washa, hii yenye kijino kinachokaa kwenye mfereji wa ekseli, halafu koni, kile kipande kinachobana gololi. Gololi hizo zinamwagika. Ona hii grisi ya zamani, nyeusi, ina mchanga, sikia inavyokwaruza kidoleni. Mafuta ya taa, brashi ya meno iliyochoka, kausha kwa kitambaa. Gololi yenye vishimo usiirudishe.

Mliniuliza kwenye video ya cheni kama oili chafu inafaa huku. Hapana! Inachuruzika, inatoka, inabaki inanasa vumbi. Na ile dawa ya kupuliza ya kulegezea kutu inaosha hata grisi iliyokuwepo. Tia grisi, ile ya beringi za magari inatosha kabisa. Ipake nene ndani ya kikombe, pale gololi zinapokaa, kisha panga gololi moja moja. Grisi yenyewe inazishika, hazianguki. Tazama zilivyokaa, duara zima.

Koni sasa. Kaza kwa vidole mpaka iguse, rudisha kidogo, weka washa, kaza nati huku koni umeizuia isizunguke. Itikise: haichezi. Izungushe... inateleza, haikwami popote. Hii ndiyo raha ya pedeli inayofunguka!

Bei? Kariakoo nimelipa zaidi ya mara mbili ya zile za plastiki. Mwanzoni niliona ghali. Lakini kopo dogo la grisi linakuhudumia muda mrefu, na kwa wanaobeba mkaa au kupita kwenye matope ya masika, mimi nasema lipa tu. Zipo pia za beringi zilizofungwa, tamu sana mguuni, ila beringi ikifa unaanza kuhangaika kutafuta saizi yake. Kwa hapa nyumbani bado nachagua gololi.

Kabla ya kuirudisha, paka grisi na kwenye nyuzi za ekseli, isije ikang'ang'ania kwenye kranki. Anza kwa mkono, spana baadaye. Video ijayo tunafungua kitovu cha gurudumu la nyuma, kwa hiyo kama bado hujajiunga na chaneli, bonyeza hapo chini sasa hivi, na uniandikie pedeli yako inalia upande gani.