Geuza dumu usome mgongoni: oili za kununua kwa sevisi ya 4x4 ya dizeli nyumbani, kuanzia namba moja hadi ya mwisho

Mbele ya dumu huwa kuna jina, picha ya gari linalopanda mlima wa mawe, na neno moja au mawili ya kujisifu. Hayo yote hayalainishi beringi. Kinacholainisha kimeandikwa nyuma kwa herufi ndogo, na ukishajifunza kuzisoma herufi hizo utakuta oili ya bei ya kawaida ndiyo iliyokuwa ikitakiwa na injini yako miaka yote.

Nazungumzia oili zaidi kuliko kitu kingine kwa sababu ndiyo inayokula pesa. Injini za dizeli za magari haya zina matumbo makubwa. 1HZ ya Toyota, ile ya silinda sita na lita 4.2, hunywa zaidi ya lita 9 kwa sevisi moja. 1KD-FTV ya lita 3.0 hunywa karibu lita 7. Ukikosea aina, umekosea kwa wingi.

Kabla ya kupanga namba, ingia chini ya gari ujibu swali moja: ekzosi yako ina chujio la masizi? Kwenye vitabu huandikwa DPF. Ni tumbo la chuma lililo kwenye bomba la moshi, na kwa kawaida lina vijibomba viwili vyembamba vinavyokwenda kwenye sensa ya presha. Usiamini jina la injini peke yake, kwa sababu injini ileile inaweza kuuzwa ikiwa na chujio soko moja na bila chujio soko jingine. Dizeli za zamani kama 1HZ, 2L, 3L na 5L hazina, hapo usijisumbue.

Swali hili lina uzito kwa sababu ya majivu. Oili ya dizeli hutiwa dawa zenye madini kama kalsiamu, magnesiamu na zinki, ili isafishe injini na kuua asidi. Oili kidogo huungua kila injini inapofanya kazi, na madini yale hubaki kama majivu. Masizi yaliyonaswa na chujio yanaweza kuchomwa yakaisha; majivu hayaungui. Yanakaa humo, yanajazana, na siku moja gari linakosa nguvu na taa inawaka. Kwa hiyo mwenye chujio anatafuta oili yenye majivu machache, na asiye na chujio hana sababu ya kuilipia.

Namba moja, kwa asiye na chujio: 15W-40 (huo ni uzito wa oili, nitaueleza kwenye namba tatu) yenye API CI-4, yaani daraja la ubora la Taasisi ya Petroli ya Marekani. Hii ni oili ya malori, na ndiyo ningeinunua nikiwa nimefumba macho kwa injini yoyote ya zamani mahali pasipo na baridi ya kugandisha maji. Daraja la CI-4 lilitoka mwaka 2002, na lilitungwa kwa ajili ya injini zinazorudisha moshi ndani, yaani zinazotengeneza masizi mengi. Tena linavumilia dizeli yenye salfa nyingi, hadi asilimia 0.5. Salfa ikiungua huzaa asidi, na oili ya CI-4 kwa kawaida huwa na akiba nzuri ya kuiua. Ikiwa huna uhakika na dizeli unayojaza, hapo ndipo daraja hili linapolipa. Haina haja ya kuwa sinthetiki. Ile ya madini ya kawaida, ikimwagwa kwa wakati, inatosha kabisa.

Angalia pia mpangilio wa herufi. Dumu likiandikwa CI-4/SL, herufi ya dizeli, C, imetangulia ile ya petroli, S: mtengenezaji aliifikiria dizeli kwanza. Likiandikwa SN/CF, hiyo ni oili ya petroli iliyoongezewa uwezo wa dizeli ya kizamani. Daraja la CF ni la mwaka 1994, na API ilishaliacha. Injini yako ya zamani haitakufa kwa oili hiyo, ila kwa nini ununue ya nyuma wakati ya mbele ipo kwenye rafu ileile?

Kwa mwenye chujio, namba moja yake ni nyingine, na sidhani kama ana chaguo la pili: oili ya majivu machache, mara nyingi 5W-30 au 0W-30, yenye ACEA C2 au C3 (kipimo cha watengenezaji magari wa Ulaya), au JASO DL-1. C2 na C3 hazivuki asilimia 0.8 ya majivu. DL-1, kipimo cha Wajapani kwa magari madogo ya dizeli yenye chujio, ni kali zaidi: asilimia 0.6. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua kati yake. C2 ni nyepesi kuliko C3 injini inapokuwa ya moto na inalemewa, kwa hiyo kama kitabu kimesema C3, usishuke.

Wenye chujio wana kazi nyingine ya nyumbani. Gari linapochoma masizi humwagia dizeli ya ziada kwenye silinda, na ukiwa mtu wa safari fupi fupi, sehemu ya dizeli hiyo huteremka na kuchanganyika na oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia ukaona oili imepanda badala ya kushuka, usifurahi. Inuse. Ikinuka dizeli na imevuka alama ya juu, imwage hata kama kilomita bado.

Namba mbili, kwa familia yenye magari mchanganyiko: 15W-40 ya API CK-4. Daraja hili lilianza mwishoni mwa 2016, linafaa mahali pa CJ-4, CI-4 na CH-4, na majivu yake hayazidi asilimia 1.0. Likiwa zuri hivyo, mbona halikushika namba moja? Kwanza, lilitengenezwa likitarajia dizeli safi; ukiitumia na dizeli yenye salfa nyingi itabidi uimwage mapema. Pili, asilimia 1.0 bado ni nyingi kwa gari dogo linalotaka DL-1. Ila kama una pikapu ya zamani, trekta, na jenereta, dumu moja la CK-4 linakuondolea makosa ya kuchanganya.

Jirani yake kwenye rafu huwa FA-4, iliyozaliwa mwaka huohuo. Hiyo iache. Ni oili nyepesi iliyotungwa kwa baadhi ya malori mapya, na haikukusudiwa kurudi nyuma kwenye injini za zamani.

Namba tatu: 5W-40 ya sinthetiki yenye ACEA A3/B4. Ni oili nzuri sana, na kwa turbo inayovuta trela mlimani au injini inayowashwa kwenye baridi kali ningeipandisha hadi ya kwanza. Namba iliyo kabla ya W hueleza tabia ya oili ikiwa baridi. Ile ya baada hueleza ikiwa imefika nyuzi joto 100. Kwa hiyo 5W-40 na 15W-40 zikishapata moto ziko daraja moja la uzito. Tofauti kubwa utaiona asubuhi tu. Nimeiweka ya tatu kwa sababu wengi huinunua, halafu wakaona uchungu kuimwaga. “Ni sinthetiki, itasogea.” Masizi hayajali. Oili ya dizeli hushiba masizi na asidi hata ikiwa ya bei ghali, na ya kawaida iliyomwagwa kwa wakati inaishinda ya ghali iliyozeeka ndani ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Kama unapita kwenye vumbi au unabeba mizigo mizito, fuata ratiba ya mazingira magumu kitabuni, ambayo mara nyingi ni nusu ya ile ya kawaida.

Namba nne: 20W-50. Ni ya injini mzee inayokula oili. Ringi zikiisha, oili nzito hupunguza moshi wa bluu kwa muda na kupandisha presha kidogo. Ninunue? Ndiyo, kama unasubiri pesa ya kufungua injini. Kwa injini isiyochakaa ni mzigo, hasa asubuhi, kwa kuwa inachelewa kufika juu kwenye kamshafti.

Ya mwisho kabisa ni ile ya uzito mmoja, “namba 40” ya mafundi wa zamani. Ilikuwa na siku zake. Leo iachie mashine za kizamani ambazo vitabu vyake vinaitaja.

Sasa ukubwa wa chombo. Mwenye 1HZ akinunua madumu ya lita 5 atanunua mawili na kubaki na kidogo. Akinunua la lita 20 anapata sevisi mbili na kidogo cha kujazia. Kwa lita, dumu kubwa huwa nafuu. Ila lina hatari yake: likiwa na oili bandia, umeharibikiwa mara mbili. Mimi nilishawahi kuuziwa dumu ambalo pete ya kifuniko ilikuwa imerudishwa kwa gundi. Niligundua nilipoona kifuniko kinafunguka bila ule mlio wa kukatika. Tangu siku hiyo nalinganisha namba ya toleo iliyo kwenye chombo na ile ya boksi lake, nakagua pete, na dumu langu likiisha nalitoboa kwa msumari ili lisijazwe tena na mtu.

Filta sitazipangia namba nyingi. Ya oili: nunua ya mtengenezaji wa gari au ya kiwanda kinachotengenezea viwanda vya magari. Ichungulie ndani kupitia matundu. Unatafuta mpira unaozuia oili isirudi chini gari linapolala. Usipokuwepo au ukiwa mgumu, injini itagonga kila asubuhi kabla presha haijapanda. Ya dizeli: hapa usibane pesa kabisa. Kwenye injini za komoni-reli, yaani dizeli ambazo bomba moja la presha hulisha nozeli zote, presha hufika baa 1,600 na zaidi, na nafasi ndani ya nozeli ni ndogo mno. Tone la maji au punje ya vumbi iliyopita kwenye filta dhaifu inaweza kuua nozeli, na nozeli moja ni ghali kuliko filta za miaka mingi. Ukishaibadilisha, piga pampu ya mkono hadi iwe ngumu kabla ya kuwasha. Na usitafute uvujaji kwa kidole injini ikiwaka. Dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi.

Vifaa: nunua stendi mbili imara kabla ya jeki nzuri, maana hakuna anayeingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Kisha vizuizi vya matairi, beseni linalomeza lita 12, spana ya filta, na washa (pete bapa) mpya ya bolti ya kumwagia oili kila sevisi.

Beseni liwe na alama za lita, au mimina oili chakavu kwenye dumu tupu lenye alama kabla ya kuipeleka kunakopokelewa. Ulitia lita 9.5, umetoa lita 8: kama huoni uvujaji chini, sehemu kubwa ya nyingine imeliwa. Andika namba hiyo kwenye kifuniko cha filta ya hewa kwa kalamu ya wino mzito. Sevisi ijayo ikiwa 7.5, ndipo uanze kufikiria ile namba nne.