Fundi wa mabomba ya akwariamu: kelele kaziua, zulia kaliua pia

Nianze na hasira, sifa zitafuata kama zitabaki.

Umeme ulikatika usiku, jambo ambalo hapa Dar hata mtoto wa chekechea amelizoea. Asubuhi naingia sebuleni nakanyaga maji. Zulia limelowa chapachapa, kabati la tivii limevimba miguu, na tangi la chini la akwariamu yangu ya samaki, lile ambalo maji hushukia kisha pampu ikayarudisha juu, limejaa hadi ukingoni. Nampigia fundi. Jibu lake: "Dada, mimi nimefunga bomba. Umeme si kazi yangu."

Si kazi yake! Tangi langu la juu lina urefu wa sentimita 180 na upana wa 60. Maji yakishuka sentimita 1 tu, karibu lita 11 zimeondoka. Yeye bomba la kurudisha maji juu kalizamisha sentimita 20, eti lisichuruzike kwa kelele. Pampu ikizimika, bomba hilohilo linakuwa mpira wa kunyonyea petroli: maji yanajivuta kurudi chini mpaka mdomo wake upate hewa. Hapo ni zaidi ya lita 200, na chini kuna nafasi ya lita 50 hivi. Nyingine ziende wapi? Vali ya kuzuia maji yasirudi aliweka, ndiyo. Ilikuwa imekwama wazi kwa gamba la konokono.

Nisimdhulumu lakini. Upande wa kushusha maji, jamani, mtu anajua kazi. Zamani nilikuwa na bomba moja linalovuta maji na hewa pamoja, linakoroma usiku kucha, mgeni akadhani kuna mtu chooni. Yeye kaweka mawili. Moja linajaa maji matupu, analibana kwa geti valvu, koki ya kuzungusha taratibu, kidogo kidogo hadi kelele ikate. La pili limesimama juu zaidi, kavu, la dharura lile la kwanza likiziba. Boli valvu, zile koki za kugeuza mkono robo mzunguko, alizikataa dukani mbele yangu, kwamba hazibaniki kwa kipimo kidogo. Kioo cha nyuma kakitoboa bila ufa, cha chini akagoma kukigusa kwa sababu ni cha tempa, yaani kilichokazwa kwa moto, ukikitoboa kinasambaratika chote. Sasa hivi ni pampu tu inayonong'ona, na samaki wangu, frontosa wa Ziwa Tanganyika, wanaelea kama mabwana. Nilikuwa tayari kumpa nyota zote tano.

Halafu akaja kurekebisha. Akatoa drili, akatoboa kitundu kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili umeme ukikatika hewa iingie hapo na mvuto ukatike. Dakika chache, kwisha! Hakupima, hakuuliza. Alikuwa anajua siku zote! Kisha kasimama na viatu juu ya zulia langu: "Dada, hata nauli?"

Nampa mbili. Au tatu, kwa ajili ya ule ukimya. Mkimwita, kabla hamjamlipa zimeni swichi ya pampu akiwa hapohapo, msubiri maji yaache kushuka, muone tangi la chini linafika wapi. Mimi juzi nimechungulia kile kitundu, kimeshaanza kuota ukijani. Kikiziba tunarudi kulekule, kwa hiyo kila mara nikizibue kwa kijiti cha meno. Hilo nalo hakulisema.

Basi, mbili.